Kutembea siku tatu milimani bila kiongozi: Butembo, Masereka, Luhotu, Lubero

Wenzangu wa chama, tangu niweke hapa ile picha ya viatu vyangu vyenye matope, wengi wananiuliza ulizo moja tu: "Gari ilikosa?" Hapana, gari haikukosa. Moto pia zilikuwepo, na wenye moto walinifuata mpaka nje ya mji wakinipunguzia bei. Mwezi wa saba mwaka 2023 nilichukua siku tatu za likizo yangu, nikatoka Butembo na miguu, nikalala Masereka, nikalala Luhotu, siku ya tatu nikafika Lubero. Bila kiongozi na bila mtu wa kunibebea mzigo. Nilitembea kwa kupenda.

Najua kwetu hiyo sentensi inachekesha. Mama zetu wanapanda na kushuka hiyo milima kila siku ya soko, kamba kwenye paji la uso na mzigo mgongoni, na hakuna mtu anayewaita watalii. Lakini sisi tuliosoma tunajua milima yetu kwa kupitia kioo cha gari au mgongoni mwa moto. Mimi niko na lisansi ya agronomia, nimezaliwa Masereka, na mpaka miaka 27 nilikuwa sijui njia inayotoka kwetu kwenda Luhotu inapita wapi. Basi leo nieleze namna safari ya hivi inafanywa, na niseme wazi kosa nililofanya siku ya tatu, juu kosa hilo lingeweza kuishia pabaya.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Huko Ulaya, kutembea milimani bila kiongozi ni likizo ya kawaida kabisa. Kuna njia inayozunguka mlima Mont Blanc, karibu kilometa 170, inayopita Ufaransa, Italia na Uswisi. Mtu anaifanya kwa siku kumi hivi, peke yake au na rafiki. Hahitaji kiongozi kwa sababu vitu vitatu vimeandaliwa mbele yake: alama njiani (kwa njia nyingi za Ufaransa ni mstari mweupe na mwekundu uliopakwa kwenye mti au jiwe), kitanda mwisho wa kila siku, na mtu anayejua kwamba leo jioni fulani anapaswa kufika. Karibu na sisi, Tanzania, kuna milima ya Usambara. Wageni wanatoka Lushoto wanatembea siku kadhaa kijiji kwa kijiji mpaka Mtae, juu ya ukingo unaotazama tambarare. Ukiangalia picha za Lushoto utadhani ni kwetu: baridi, ukungu, kabeji kwenye miteremko mikali.

Sasa kwetu. Alama hakuna. Hoteli hakuna, ila katika miji. Lakini niligundua kwamba vile vitu vitatu viko, ila vyote vimekaa ndani ya watu. Alama ni mama unayemuuliza njia panda. Kitanda ni chumba cha shangazi, au cha rafiki wa shangazi. Na mtu wa kujua kwamba utafika, huyo unapaswa kumtengeneza wewe mwenyewe kabla ya kutoka. Kwa hilo la mwisho ndipo nilipokosea.

Nianze na hesabu, juu hapo wengi wanadanganyika. Ukiuliza kwetu "ni mbali?", utajibiwa "ni hapo tu". Usiamini "hapo tu" ya mtu aliyezaliwa kwenye mteremko. Milima haipimwi kwa kilometa peke yake. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo watembeaji wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila kilometa 5, halafu ongeza saa moja kwa kila meta 600 unazopanda. Chukua kipande cha kilometa 15 ambacho ukijumlisha vilima vyake vyote unapanda meta 900. Saa tatu za urefu, saa moja na nusu ya kupanda, jumla saa nne na nusu. Weka mapumziko, salamu (salamu kwetu si dakika moja) na matope, unafika saa sita. Kule kwetu hupandi kilima kimoja na kumaliza. Unapanda, unashuka mpaka kwenye kijito, unapanda tena kile kile ulichopoteza. Siku ya kwanza nilidharau hiyo hesabu, nikafika Masereka magoti yakitetemeka, na ndugu zangu wadogo wakacheka mpaka usiku.

Tuko kwenye ekweta. Butembo iko kaskazini yake na Lubero kusini, kwa hiyo mahali fulani njiani unaivuka bila kujua. Maana yake mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima na giza halina huruma: saa kumi na mbili na nusu jioni huoni tena mguu wako. Toka asubuhi saa kumi na mbili, na ufike saa nane mchana. Mvua ya milimani mara nyingi inangojea alasiri. Nilichagua mwezi wa saba kwa sababu ndiyo nafasi kavu kidogo kati ya misimu miwili ya kulima. Mavuno ya msimu B yametoka, mashamba mengi yako wazi, na udongo haujawa sabuni. Mwezi wa kwanza na wa pili pia ni vizuri. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kaa nyumbani. Udongo wetu ni mfinyanzi mwekundu. Ukilowa, unabeba kilo nzima kwa kila kiatu.

Hapa niseme kama mtu wa kilimo, juu kwangu hii ndiyo ilikuwa tamu ya safari. Ukijua mimea, hauhitaji kipimo cha urefu. Kwa kila meta 100 unazopanda, joto linapungua karibu digrii 0.6. Ufuko wa Ziwa Edward uko kwenye meta 900 na kitu, na vilima vya kwetu vinapita meta 2,000. Hesabu mwenyewe: juu ya kilima cha meta 2,300 kuna baridi ya digrii 8 hivi zaidi kuliko kule kwa wavuvi. Ukitoka Butembo unaona bado migomba, mihogo, kahawa ya arabika karibu na nyumba. Unapanda, migomba inakonda, mikungu inakuwa midogo, muhogo unachukua muda mrefu mno mpaka watu wanauacha. Kisha unaingia katika nchi nyingine: viazi vya kizungu, puwaro, kabeji, karoti, vitunguu saumu, njegere, ngano hapa na pale, na maharagwe yanayopanda juu ya vijiti. Ukiona hivyo, vaa koti.

Unaona pia kile ambacho gari haikuonyeshi. Barabara inafuata mahali palipo rahisi. Njia ya miguu inapita katikati ya mashamba. Nimeona shamba la puwaro lililopangwa vizuri sana, mistari mizuri kama daftari la mtoto wa shule, lakini mistari yote inateremka na kilima badala ya kukikata. Mama mwenye shamba aliniambia maji yanapita vizuri hivyo, puwaro haiozi. Ni kweli, haiozi. Lakini chini ya shamba kulikuwa na udongo mweusi umejaa kwenye kijito, na huo udongo ndio mbolea yake ya miaka. Tulizungumza kama nusu saa. Akanionyesha shamba la jirani ambapo walipanda matete kwa kukata mteremko, na akasema jambo ambalo sikulisikia darasani: matete yanakula nafasi, na yeye shamba lake lote ni hatua thelathini kwa ishirini. Toa mistari mitatu ya matete, umetoa karo ya mtoto mmoja. Sikuwa na jibu. Bado ninalitafuta.

Na njia zenyewe? Kanuni niliyojifunza ni hii: ukiwa na uchaguzi, fuata mgongo wa kilima, usifuate bonde. Njia ya mgongoni ni kavu, unaona mbele, unaonekana pia, na mara nyingi vijiji viko juu. Njia ya bondeni inaonekana fupi lakini ina tope, ina madaraja ya miti miwili, na inakutoa machoni pa watu. Jambo lingine: njia inayotumiwa sana mahali penye mteremko mkali inageuka mfereji. Watu wanaiacha wanatengeneza nyingine pembeni, nayo inachimbika. Ukiona njia tatu sambamba, ya mpya ndiyo wanayopita sasa.

Ramani ya simu nilikuwa nayo, niliipakua Butembo nikiwa na intaneti. Inasaidia kujua uko upande gani. Lakini haijui kwamba daraja limekwenda na maji mwezi uliopita. Mama mwenye mzigo anajua.

Mzigo usizidi kilo saba au nane. Koti la mvua, sweta, nguo moja ya kubadilisha, soksi tatu (soksi ni muhimu kuliko suruali), tochi, betri ya kuchajia simu, dawa ya kutia kwenye maji, bandeji ya malengelenge ya miguu. Chemchem ziko nyingi na maji yanaonekana safi, lakini juu ya ile chemchem kuna shamba, na juu ya shamba kuna nyumba, na homa ya matumbo tunaijua. Noti ndogo za franka, kwa kuwa hakuna mtu wa kukuchenjia dola kijijini, na dola yenye kupasuka kidogo hata mjini wanaikataa. Viatu, vaa vile ulivyokwisha kuvaa miezi miwili. Kuna wanaotembea na buti za plastiki za shambani na hawana shida. Mimi zilinichubua baada ya saa moja.

Beba pia sabuni, chumvi na sukari. Hizo si kwa ajili yako. Ukilala kwa mtu usimpe pesa asubuhi kama kwamba umelala hotelini, unamdharau. Unaacha sabuni na sukari kwa mama wa nyumba, bila hotuba.

Na salamu inatangulia ulizo. Asubuhi "Wavukire", mchana "Wasibire", halafu ndipo uulize njia. Mwenye mzigo anapita, wewe mwenye mfuko wa starehe unasimama pembeni, upande wa chini wa njia akishuka. Kijana anayeuliza njia kabla ya kusalimu anajibiwa "sijui", na anastahili.

Sasa siku ya tatu. Nilikuwa nimelala Luhotu kwa rafiki wa shangazi yangu, nikala vizuri, nikatoka mapema. Saa tatu asubuhi, katika kijiji ambacho sitakitaja, nilisimama mbele ya korongo moja kubwa lililokula nusu ya kilima. Nikapiga picha. Nikatoa daftari, nikaandika mteremko kwa kukadiria: 40%, kisha mshale, kisha 55%. Hatua mia mbili mbele kulikuwa na mti umelazwa njiani na vijana sita hivi.

Waliomba kadi ya uchaguzi, nikatoa. Imeandikwa nilizaliwa Masereka, lakini ilitolewa Butembo, na Kinande changu kimeshika sauti ya mjini. Mmoja akachukua daftari. "Hizi namba ni za nini? Hii mishale inaonyesha wapi?" Nikaeleza mmomonyoko wa udongo. Fikiria mwenyewe namna hiyo maelezo inasikika. Mwingine akafungua simu, akakuta ramani yenye vinukta mahali nilipolala na mahali pa maji. "Nani alikutuma?" Nikasema hakuna, natembea tu, niko likizo. Hilo ndilo lilikuwa jibu baya kuliko yote. Mtu aliyetumwa na shirika wanamjua. Mtu wa biashara wanamjua. Mtu anayetembea bure milimani na daftari la mishale, huyo hawamjui.

Nilikaa chini ya mikalitusi karibu saa mbili. Hakuna aliyenipiga. Lakini nilisikia wakijadiliana kunipeleka mahali pengine, na sikujua huko ni wapi, na mdomo wangu ulikauka. Kisha akaja mzee mmoja. Hakutazama kadi. Aliniuliza jina la babu yangu, kilima chake, babu alioa wapi, na usiku uliopita nililala kwa nani. Nikamtajia mama wa Luhotu, nikampa namba. Akapiga akiweka sauti ya nje, na mama akapiga kelele mpaka wote wakasikia: "Huyo ni mtoto wetu! Mumuache! Hata viazi nilimupikia hakumaliza!" Vijana wakacheka, mti ukaondolewa. Mzee akanisindikiza mpaka kilima kinachofuata, akaniambia taratibu: "Kama ungepita kwangu kwanza, hawa ndio wangekubebea mfuko."

Sikuwakasirikia na sitaki mtu awaseme vibaya. Tangu mwezi wa kumi mwaka 2014, katika teritware ya Beni, watu wamechinjwa mashambani mwao, na mara nyingi habari inaanza hivyo hivyo: kuna mtu ambaye hatumjui alipita. Tangu mwezi wa tano 2021 mkoa uko chini ya utawala wa kijeshi. Kijiji kinachomsimamisha mgeni mwenye daftari kinafanya kazi yake. Mimi ndiye niliyefanya kana kwamba niko kwenye ile njia ya Mont Blanc.

Kwa hiyo, yeyote kati yenu atakayetaka kutembea, afanye hivi. Kabla ya kutoka, chukua karatasi ya shefu wa mtaa wako inayosema wewe ni nani na unapita wapi. Piga simu mbele kwa kila kijiji cha kulala, na uombe majina ya makapita wa vijiji vya katikati. Ukifika kwenye kijiji, nenda kwanza kwa kapita, hata kama hautalala hapo, hata kama inakupotezea nusu saa. Usipige picha ya askari, kizuizi, daraja wala antena. Kuandika, andika jioni ukiwa ndani ya nyumba. Ukiambiwa na mama wa nyumba "leo usipite kule", usiulize sababu mara mbili, badilisha njia au rudi. Usifike jioni kijiji ambacho hakikungojei.

Na kuna sehemu ambako habari ya "bila kiongozi" haipo kabisa. Mlima Tshiaberimu, mlima wa mizimu, unapita meta 3,000 na uko mlangoni kwetu, lakini uko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Kule ndiko wanaishi sokwe wakubwa wa mashariki ambao walibaki chini ya kumi, na mwezi wa kumi 2024 waliletwa majike wanne kutoka kituo cha GRACE cha Kasugho ili ukoo usikatike. Sokwe anashika magonjwa yetu. Kikohozi chako kinaweza kummaliza. Huko unakwenda na walinzi wa hifadhi au hauendi. Ruwenzori vilevile, ukipandia upande wetu wa Mutwanga au upande wa Uganda kupitia Kasese: kilele cha Margherita kina meta 5,109, kuna barafu, na kiongozi ni lazima. Na njia za kuteremka ukingo kwenda Ziwa Edward, ambazo wazee wetu walizitumia kubeba samaki na chumvi, hizo nimeziangalia kutoka juu tu. Kila niliyemuuliza aliniambia hapana.

Nilikuwa nimepanga kurudia safari mwezi wa saba 2024, safari hii na karatasi zote, na wenzetu wawili wa chama wangekuja nami. Mwishoni mwa mwezi wa sita M23 iliingia Kanyabayonga. Watu walipanda kuja Lubero na Butembo kwa maelfu, magodoro kichwani, na wengi wao kwa miguu. Hatukwenda. Mwezi wa kumi na mbili vita vilisogea zaidi ndani ya teritware. Mimi tangu hapo nimetembea kipande cha Butembo na Masereka peke yake, mara mbili, kwa saa saba, na mara zote mbili nilipita kwa kapita wa kila kijiji.

Mama wa Luhotu tunapigiana simu. Kile chumba nilicholala sasa kina watu saba waliokimbia kutoka kusini, na nyuma ya nyumba amewapa kipande cha shamba wapande viazi. Niliomba radhi kwamba sijarudi kumaliza sahani yangu. Akasema nikija nitalala jikoni, na nisisahau chumvi, ya mfuko mkubwa.